Kuizindua Qt Designer pamoja na wijeti zangu mwenyewe: skripti inajifunga kimya, na Designer ikifunguka wijeti haionekani

mchoraji_skrini aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajamvi. Ninaandika kwa Python na PyQt5 (maktaba inayoiwezesha Python kutumia zana za Qt za kutengenezea madirisha) programu ya kompyuta itakayowaonyesha wahudumu wa mradi wa maji viwango vya matangi yao, na kwa ajili hiyo nimechora wijeti yangu mwenyewe, KipimoTangi, inayoonyesha tangi, kiasi cha maji kilichomo, mstari wa tahadhari, na rangi inayobadilika maji yanaposhuka chini ya mstari huo. Wijeti inafanya kazi vizuri nikiiita moja kwa moja kutoka kwenye msimbo. Ninachotaka sasa ni kuiona ndani ya Qt Designer, programu ya kupangia madirisha kwa kuburuta, katika kisanduku cha wijeti pamoja na vitufe na lebo za kawaida, ili mwenzangu anayepanga madirisha lakini haandiki Python aweze kuiburuta, kuiweka anapotaka na kubadilisha kiwango cha tahadhari bila kunisubiri.

Nimefuata mfano unaokuja na msimbo chanzi wa PyQt5, ule wenye skripti ya plugins.py inayoizindua Designer baada ya kuielekeza kwenye folda mbili, moja ya plagini na nyingine ya wijeti zenyewe. Natumia Ubuntu 22.04 yenye Python 3.10. PyQt5 nimeisakinisha kwa pip ndani ya mazingira pepe, na Designer nimeipata kwa apt.

Matatizo yangu ni haya. Nikiiendesha skripti, inamalizika papo hapo: hakuna dirisha, hakuna ujumbe wa kosa, na terminali inarudi kama vile kila kitu kimekwenda sawa. Nikiviweka vigeu vya mazingira kwa mkono na kuifungua Designer mwenyewe, inafunguka bila shida, lakini KipimoTangi haimo kwenye kisanduku. Nilipoongeza folda ya site-packages ya mazingira pepe kwenye PYTHONPATH nikidhani kwamba Designer haiioni PyQt5, ilianguka kabla ya kuonyesha chochote. Faili yangu ya plagini inaitwa tangi_designer.py. Naomba kuelimishwa kuhusu kinachotokea kwa hakika, kwa sababu sitaki kubahatisha na kumwachia mwenzangu kitu nisichoweza kukieleza.

fundi_msimbo alijibu:

Ndugu mchoraji, umeeleza vizuri, na dalili zako tatu zina sababu tatu tofauti, kwa hiyo tuzichukue moja moja.

Kwanza inafaa kujua skripti ile inafanya kazi gani, kwani wengi huidhania kuwa inaipachika plagini ndani ya Designer. Kazi yake ni ndogo mno: inanakili mazingira ya mfumo, inaongeza PYQTDESIGNERPATH inayoonyesha mahali plagini zilipo, inaweka PYTHONPATH inayoonyesha mahali moduli za wijeti zilipo, kisha inaianzisha Designer kama programu nyingine kabisa inayorithi mazingira hayo. Baada ya hapo Python yako haishiriki tena. Designer imeandikwa kwa C++ na haijui chochote kuhusu Python mpaka ikutane na plagini moja ya C++ inayoletwa na PyQt, ambayo kwenye Linux ni faili ya libpyqt5.so ndani ya folda ya designer ya plagini za Qt. Hiyo ndiyo inayomwasha mfasiri wa Python ndani ya Designer, inayosoma PYQTDESIGNERPATH na kupakia faili zako. Faili hiyo isipokuwepo, vigeu vyote viwili unaviweka bure, maana hakuna wa kuvisoma.

Sasa dalili ya kwanza. Skripti ya mfano huitafuta Designer kwa kuiuliza QLibraryInfo folda ya programu za Qt iko wapi. PyQt5 iliyoletwa na pip ina Qt yake ndani ya site-packages, kwa hiyo jibu litaelekeza huko, na huko hakuna Designer, kwa kuwa pakiti ya pip haiibebi. QProcess, klasi ya Qt ya kuanzishia programu nyingine, inashindwa kuianzisha, lakini QProcess haitupi kosa la Python. Inahifadhi kosa ndani yake na kusubiri uiulize. Skripti haiulizi, inafika mwisho na kutoka kwa amani. Ndiyo maana umeuona ukimya. Tumia toleo hili, ambalo wewe mwenyewe unalitajia njia ya Designer unayoitaka:

```
import os, sys
from PyQt5.QtCore import QCoreApplication, QProcess, QProcessEnvironment

app = QCoreApplication(sys.argv)
msingi = os.path.dirname(os.path.abspath(__file__))

mazingira = QProcessEnvironment.systemEnvironment()
mazingira.insert("PYQTDESIGNERPATH", os.path.join(msingi, "plagini"))

njia = [os.path.join(msingi, "wijeti")]
if mazingira.contains("PYTHONPATH"):
    njia.append(mazingira.value("PYTHONPATH"))
mazingira.insert("PYTHONPATH", os.pathsep.join(njia))

designer = QProcess()
designer.setProcessEnvironment(mazingira)
designer.setProcessChannelMode(QProcess.ForwardedChannels)
designer.start(sys.argv[1], [])

if not designer.waitForStarted():
    sys.exit("Designer haikuanza: " + designer.errorString())

designer.waitForFinished(-1)
sys.exit(designer.exitCode())
```

Mistari miwili humo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. ForwardedChannels huyaleta kwenye terminali yako maneno yote ambayo Designer inayaandika, na hapo ndipo makosa ya Python yaliyomo kwenye plagini yako yatakapojitokeza; bila mstari huo yanamezwa. Nayo abspath inakuhakikishia kwamba njia unazozipitisha ni kamili, kwa maana kabla ya Python 3.9 jina la skripti kuu lililopatikana kwa `__file__` liliweza kuwa njia fupi isiyo na maana nje ya folda uliyosimama.

Dalili ya pili inaweza kuwa na sababu mbili, na zote zipo kwako pengine. Plagini ya PyQt haipakii kila faili ya Python inayoikuta. Inachagua zile tu ambazo jina lake, kabla ya kiambishi cha .py, linaishia na plugin. Faili ya tangi_designer.py itarukwa bila neno lolote. Ibadilishe iwe kipimotangiplugin.py. Kisha hakikisha kwamba libpyqt5.so ipo na kwamba iko mahali ambapo Designer ya apt inapoangalia. Itafute kwa amri ya find, halafu izindue Designer ukiwa umeweka QT_DEBUG_PLUGINS=1, nawe utaona ikitaja kila plagini inayoijaribu na sababu ya kuikataa. Ndani ya Designer yenyewe, menyu ya Help ina kipengele cha About Plugins ambacho kinaorodhesha zilizopakiwa na zilizoshindwa.

Dalili ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Ulipoielekeza Designer ya apt kwenye site-packages ya mazingira pepe, uliifanya programu moja ibebe Qt mbili: ile ya Ubuntu iliyoiwasha Designer, na ile ya pip ambayo PyQt5 yako inaivuta. Maktaba hizo mbili zina majina yaleyale ya klasi lakini si kitu kimoja katika kumbukumbu, na kuanguka ndilo tokeo la kawaida. Chagua upande mmoja. Ama Designer, PyQt5 na libpyqt5.so zote zitoke kwa apt, na mazingira pepe uyaunde upya kwa `--system-site-packages` ili yaione PyQt5 ya mfumo, ama zote zitoke kwa pip kupitia pakiti ya pyqt5-tools, ambayo huleta Designer pamoja na plagini inayolingana nayo. Kwa mradi utakaotunzwa muda mrefu kwenye kompyuta za Ubuntu, mimi ningechagua apt, kwa sababu Python, Qt na PyQt zimejengwa pamoja na husasishwa pamoja.

Neno la ziada kwa wanaotumia Python waliyoijenga wenyewe, kwa mfano kupitia pyenv: plagini ile inahitaji maktaba shirikishi ya libpython ya toleo lilelile ililojengewa. Python iliyojengwa bila `--enable-shared` haina maktaba hiyo, na plagini iliyojengewa 3.10 haitaendesha moduli za 3.11.

mjenzi_madirisha alijibu:

Maelezo ya fundi_msimbo ni sahihi, na sina la kuyapunguza. Hata hivyo ningependa muulizaji ajiulize kwanza kama anahitaji plagini kweli, kwa kuwa ipo njia nyepesi ambayo haimwashi mfasiri wa Python ndani ya Designer hata kidogo.

Njia hiyo ni kupandisha wijeti cheo. Mwenzako anaweka QWidget ya kawaida kwenye dirisha, anaibofya kwa kitufe cha kulia, anachagua Promote to, kisha anaandika KipimoTangi kama jina la klasi na kipimotangi kama jina la faili ya kichwa. Designer yenyewe hupendekeza jina lenye .h mwishoni kwa sababu inadhani unaandika C++, lakini hata ukiiacha, pyuic5, zana inayogeuza faili ya .ui ya Designer kuwa msimbo wa Python, huiondoa na kuandika mstari wa kuleta klasi hiyo kutoka kwenye moduli yako ya Python. Utumiaji wa uic.loadUi, unaosoma faili ya .ui moja kwa moja programu inapoendeshwa, unafuata utaratibu uleule. Hakuna PYQTDESIGNERPATH, hakuna libpyqt5.so, na faili ya .ui inafunguka kwenye Designer yoyote ile, hata ya mtu ambaye hajawahi kusakinisha Python.

Gharama yake ni kwamba mwenzako ataona mstatili mtupu pale ambapo tangi litakuwepo, na sifa zako kama kiwango cha tahadhari hazitajitokeza zenyewe kwenye kihariri cha sifa. Anaweza kuziongeza kwa mkono kama sifa za nyongeza, lakini itambidi ajue majina yake kwa usahihi, na hilo kwa mtu asiyeandika msimbo ni mzigo. Kwa wijeti moja isiyo na mipangilio mingi, mimi hupandisha cheo na kuendelea na kazi.

fundi_msimbo alijibu:

Nakubaliana na mjenzi kwa wijeti isiyo na sifa za kurekebisha. Hapa, hata hivyo, muulizaji amesema wazi kwamba mwenzake anatakiwa kubadilisha kiwango cha tahadhari bila kumsubiri, na hilo ndilo hasa plagini inaloleta. Mtu anayepanga dirisha anapaswa kuona anachokipanga. Tangi refu lina uwiano wake, na ukilipanga ukiwa unatazama mstatili mtupu utagundua ubaya wa mpangilio baada ya programu kuendeshwa, halafu unarudi Designer kubahatisha tena.

pwani_na_python alijibu:

Naomba nichangie upande wa wijeti yenyewe, kwa sababu zipo wijeti nyingi zinazofanya kazi vizuri kwenye programu lakini zikaiangusha Designer, na kosa halimo kwenye plagini.

Tangu PyQt 5.5, kosa la Python lisiloshikwa ndani ya kitendakazi kinachoitwa na Qt humaliza programu nzima. Ndani ya Designer maana yake ni kwamba kosa dogo katika paintEvent yako (kitendakazi kinachoichora wijeti) linaifunga Designer pamoja na dirisha ambalo mwenzako hajalihifadhi. Kwa hiyo klasi ya wijeti inapaswa kuweza kuzaliwa na kujichora ikiwa haina data yoyote. Ikiwa KipimoTangi inafungua hifadhidata, inasoma kihisi au inaanza kipima muda ndani ya `__init__`, itafanya hayo yote kila mwenzako anapoiburuta kwenye dirisha, katika kompyuta ambayo huenda haina hifadhidata hiyo wala kihisi hicho. Viondoe huko. Weka kitendakazi tofauti, tuseme `anza()`, ambacho programu yako itakiita baada ya dirisha kujengwa, na uipe wijeti thamani ya mwanzo inayoonekana, kwa mfano tangi lililojaa nusu, ili kwenye Designer ichoreke kama tangi.

Kitendakazi cha kuunda lazima kikubali mzazi, yaani `def __init__(self, parent=None)`, na kimpitishe kwa `super().__init__(parent)`, kwa kuwa plagini itaiunda kwa kuipa mzazi ambaye Designer imemchagua. Andika pia sizeHint, inayotaja ukubwa ambao wijeti inaupendelea. Bila hiyo, wijeti uliyoichora mwenyewe ikiwekwa ndani ya mpangilio pamoja na wijeti nyingine inaweza kubanwa hadi isionekane, na mtu akadhani haijapakiwa.

Kuhusu sifa, Designer huonyesha zile zilizotangazwa kwa pyqtProperty peke yake, na aina yake iwe mojawapo ya zile inazojua kuzihariri, kama int, float, bool, str, QColor au QFont. Sifa ya kawaida ya Python haionekani kwa Qt:

```
@pyqtProperty(int)
def kiwangoChaTahadhari(self):
    return self._tahadhari

@kiwangoChaTahadhari.setter
def kiwangoChaTahadhari(self, thamani):
    self._tahadhari = max(0, min(100, thamani))
    self.update()
```

Mwito wa update ndio utakaomfanya mwenzako aone mstari ukisogea papo hapo anapobadilisha namba. Ukiusahau, namba itahifadhiwa lakini picha haitabadilika mpaka kitu kingine kiilazimishe wijeti kujichora upya.

Upande wa plagini, klasi inayorithi QPyDesignerCustomWidgetPlugin ina vitendakazi vingi, lakini vinavyostahili kuangaliwa mara mbili ni vitatu. `name` lazima irudishe jina la klasi herufi kwa herufi. `domXml` lazima itumie jina hilohilo. `includeFile` irudishe jina la moduli, kwako kipimotangi, kwani ndilo pyuic5 itakaloliandika kwenye mstari wa kuleta klasi. Ukiiacha tupu, Designer itafanya kazi vizuri kabisa lakini msimbo utakaozalishwa hautajua KipimoTangi inatoka wapi. Na kwa kuwa Designer hupakia moduli zako mara moja inapoanza, kila ukibadilisha msimbo wa wijeti ni lazima uifunge na kuizindua upya kwa skripti yako.

mchoraji_skrini aliandika:

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimeiondoa PyQt5 ya pip, nimeweka ya apt na kuyaunda upya mazingira pepe kama alivyoelekeza fundi_msimbo. Skripti mpya inaifungua Designer, na baada ya kubadilisha jina la faili ya plagini, terminali ilionyesha kosa ambalo sikuwa nimeliona hapo awali: moduli ya kusomea hifadhidata haikupatikana, kwa sababu wijeti yangu ilikuwa inaileta mwanzoni mwa faili. Nimeihamishia kwenye programu kuu, na sasa KipimoTangi imo kwenye kisanduku, inachoreka, na kiwango cha tahadhari kinaharirika.

Nina swali moja la mwisho kabla sijamkabidhi mwenzangu. Tunafikiria kuhamia Qt 6 mwakani. Je, kazi hii yote ya plagini itabidi ianze upya?

pwani_na_python alijibu:

Wijeti zenyewe zitahama kwa marekebisho madogo, hasa majina ya orodha za thamani ambazo PyQt6 inataka yaandikwe kwa ukamilifu, kwa mfano `QProcess.ProcessChannelMode.ForwardedChannels` katika skripti yako. Ukibaki na PyQt6, utaratibu wa plagini ni uleule: PYQTDESIGNERPATH, jina linaloishia na plugin, na faili ya C++ inayolingana na Qt ya Designer unayoitumia.

Ukichagua PySide6, mambo ni tofauti kidogo na kwa maoni yangu ni mepesi zaidi. Designer inakuja ndani ya pakiti yenyewe ya pip na inazinduliwa kwa amri ya `pyside6-designer`, kwa hiyo lile tatizo la Qt mbili linaondoka. Kigeu cha mazingira kinaitwa PYSIDE_DESIGNER_PLUGINS, faili ambazo Designer inazitafuta ni zile ambazo jina lake linaanza na register, na ndani yake unaisajili klasi kupitia QPyDesignerCustomWidgetCollection. Sifa zinatangazwa kwa Property badala ya pyqtProperty. Faili zako za .ui zitabaki kama zilivyo, mradi jina la klasi na la moduli halibadiliki.

Angalia pia leseni kabla ya kuamua. PyQt inatolewa chini ya GPL toleo la 3 (leseni inayodai programu igawiwe pamoja na msimbo chanzi wake) au leseni ya kulipia kutoka Riverbank Computing, ilhali PySide6 inapatikana pia chini ya LGPL, leseni nyepesi isiyodai hivyo kwa programu yako yenyewe. Ikiwa mradi wenu wa maji utawagawia wengine programu hiyo bila msimbo chanzi, tofauti hiyo itawahusu moja kwa moja.